Setilaiti ndogo ya kuchungulia Nyiragongo usiku: mwongozo wa kupanga misheni hatua kwa hatua

Jioni ya tarehe 22 Mei 2021, sisi wa Goma tuliona anga imekuwa nyekundu kabla mtu yeyote hajatuambia kitu. Lava ya volkano yetu, Nyiragongo, ilishuka hadi Buhene, pembezoni mwa mji, ikasimama karibu kabisa na uwanja wa ndege. Mwaka 2002 haikusimama: ilipita juu ya barabara ya ndege, ikaingia mjini na kufika ziwani. Tangu hapo kila mwanafunzi wa elektroniki anayekaa mezani kwangu ana wazo lile lile: "Mwalimu, tutengeneze setilaiti yetu ya kuangalia mulima."

Wazo halina ubaya. Kasoro ni kwamba wote huanza na roketi, kisha paneli, kisha rangi ya bendera. Mwongozo huu unaanza pengine. Mfano wetu ni mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: setilaiti ya uniti tatu, yaani sanduku la sentimita 10 kwa 10 kwa 30 na kidogo, ya kupiga picha mwanga wa Nyiragongo usiku. Kipimo hicho cha masanduku kilibuniwa mwaka 1999 na Jordi Puig-Suari na Bob Twiggs huko California, kwa ajili ya wanafunzi. Ukimaliza kusoma uchukue daftari, ubadilishe tarakimu zangu, uweke zako.

Hatua ya 1: Andika sentensi moja, kisha uilinde

Usiguse kompyuta. Andika: nani anataka kujua nini, mara ngapi, na habari ikichelewa kiasi gani inakuwa haina faida tena. Yetu ni hii: "Watu wanaofuatilia volkano wapate picha ya mwanga wa kreta ya Nyiragongo usiku, mara nyingi iwezekanavyo, ndani ya saa 3 tangu ipigwe."

Sasa jiulize kama kuna mwingine anayeifanya kazi hiyo tayari. Yuko. Setilaiti za Sentinel-2 za Ulaya hupita kila siku 5, na zina mkanda wa infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) wenye pikseli za mita 20 unaoonyesha lava vizuri. Vyombo vya MODIS vya Marekani vimekuwa vikiona joto la volkano kwa pikseli za kilomita moja kwa zaidi ya miaka 20. Kushindana nao kwa ukali wa picha ni kupoteza muda. Pengo liko kwenye mara ngapi. Mulima wetu unavaa wingu karibu kila siku, na ukipita mara moja kwa siku 5 ukakuta wingu, umesubiri siku 10. Kama kila jaribio lina nafasi ya asilimia 20 ya kukuta uwazi (namba ya mfano tu), jaribio moja ni asilimia 20, majaribio matatu ni asilimia 49. Misheni yetu basi ni kupita mara nyingi. Kila kitu kinachofuata kinatoka hapo.

Hatua ya 2: Chagua obiti, na usijidanganye na namba 14

Kwenye kimo cha kilomita 500 setilaiti inakwenda kilomita 7.6 kwa sekunde na kuzunguka dunia kwa dakika 94.6. Huwezi kubadilisha hilo. Unachochagua ni mwinamo, yaani obiti (njia ya setilaiti) imelala kiasi gani ukilinganisha na ikweta.

Obiti wanazotumia wengi za kupiga picha zinapita karibu na ncha za dunia, mwinamo wa digrii 97 na kitu. Kwa mtu wa Norwe ni nzuri sana. Mtu wa Goma ataiona setilaiti hiyo vizuri mara 2 au 3 tu kwa siku. Lakini Nyiragongo iko digrii 1.5 kusini ya ikweta. Setilaiti ikilazwa karibu na ikweta inarudi juu yetu kila dakika 101, kwa sababu dunia nayo inazunguka kidogo wakati inatukimbiza. Mara 14 kwa siku!

Hapo ndipo wengi hufunga daftari wakafurahi. Fungua tena. Mara 14 ni za redio, si za kamera. Tuseme mwinamo ni digrii 6, kama wa LAPAN-A2 ya Indonesia iliyorushwa kutoka India mwaka 2015. Setilaiti itakuwa inapanda hadi digrii 6 kaskazini na kushuka hadi digrii 6 kusini. Kreta ina upana wa kilomita 1.2 hivi na kuta zilizosimama wima. Ukiichungulia kutoka pembeni unaona ukuta. Nikikubali kamera iiname digrii 23 tu kutoka wima, ninabaki na mara 3 hivi kwa siku, na kati ya hizo usiku ni kama moja na zaidi kidogo kwa wastani. Kuna wiki zitakuwa nono na wiki zitakuwa kavu, kwa kuwa obiti yenyewe inageuka polepole. Hata hivyo obiti ya ncha kwa masharti yale yale ingetupa usiku mmoja katika siku 6. Tumeshinda, ila si kwa 14.

Mwinamo wa digrii 2 ungeleta mara 8 badala ya 3. Tatizo ni kuufikia: roketi haiwezi kwenda moja kwa moja kwenye mwinamo ulio mdogo kuliko latitudo ya pale inaporukia. Ndiyo maana ile setilaiti ya eksirei iliyopewa jina letu la Kiswahili, Uhuru, ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco baharini, karibu na Malindi. Walitaka obiti ya ikweta, na Afrika Mashariki ilikuwa nayo mlangoni. Jukwaa hilo limenyamaza tangu miaka ya 1980.

Kwa hiyo andika mpango wa pili palepale. Nafasi za kupanda roketi ya pamoja kwenda obiti za ncha ni nyingi. Taifa-1 ya Kenya ilipanda hivyo Aprili 2023. Kwenda ikweta ni chache, unaweza kusubiri miaka. Nafasi ya bure inayojulikana zaidi kwa nchi kama yetu ni KiboCUBE, ya Umoja wa Mataifa pamoja na shirika la anga la Japani, ambayo hutoa setilaiti kutoka kituo cha kimataifa cha anga. 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilitoka hapo tarehe 11 Mei 2018. Lakini mwinamo wa kituo hicho ni digrii 51.6, na kimo ni cha chini zaidi, hivyo maisha ni mafupi. Ukikubali nafasi hiyo, rudi hatua ya 1 ubadilishe neno "mara nyingi". Usiliache sentensi likidai kitu ambacho obiti haitoi.

Hatua ya 3: Kamera, na jaribio la mbabula

Kitu chenye joto la kama digrii 1,000 hutoa mwanga wake mwingi kwenye mawimbi ya maikromita 2.2. Sensa za hapo ni ghali na zinahitaji kupozwa. Sensa ya silikoni, kama ya simu yako, inaishia karibu maikromita 1.1. Kwa hiyo itaona mkia tu wa mwanga wa lava. Mchana mkia huo unamezwa na jua. Usiku, hakuna kinachoumeza.

Sikuamini mpaka nilipojaribu. Umeme ulikuwa umekatika, kama kawaida, na mama alikuwa ameacha mbabula, yaani jiko la makaa (sisi tunasema makala), nje ikiisha. Nilichukua kamera ndogo ya kompyuta niliyoitoa kile kioo chembamba cha kuzuia infraredi, nikaweka mbele yake kipande cha filamu nyeusi ya picha za zamani, ile ya mwisho wa roli iliyoungua na mwanga. Kwa macho, makala yalikuwa yameshazimika, majivu tu. Kwenye skrini yaling'aa meupe, na nyufa kati ya kipande na kipande zilionekana moja moja. Mama akasimama mlangoni: "We mtoto, unapiga makala foto ya nini?" Nilimwonyesha. Akasema basi moto bado upo, akarudisha sufuria ya maharagi juu.

Ziwa la lava liko vivyo hivyo: ngozi iliyopoa kwa juu, nyufa za moto katikati. Sasa tarakimu. Chukua sensa yenye pikseli za maikromita 3.45 na lenzi ya milimita 50. Kutoka kilomita 500, pikseli moja inafunika mita 34.5 ardhini. Kreta itakuwa na pikseli kama 35 kwa upana. Inatosha kujua mwanga umeongezeka, umehama au umegawanyika. Sensa ya pikseli 1440 kwa 1080 inafunika kilomita 50 kwa 37.

Muda wa kufungua kamera ndio mtego. Sehemu iliyo chini kabisa ya setilaiti inasogea ardhini kilomita 7 kila sekunde, kwa hiyo milisekunde 5 zinatosha kusogeza picha pikseli moja. Ukifungua kwa milisekunde 50 upate mwanga zaidi, kreta inakuwa mstari. Piga picha 10 za milisekunde 5, kisha kompyuta izipange na kuzijumlisha.

Hatua ya 4: Kuelekeza chombo, mahali ambapo ikweta inadai deni lake

Kosa la digrii moja kutoka kilomita 500 linakupeleka kilomita 8.7 pembeni. Picha yetu ina upana wa 50, basi tunavumilia digrii moja. Mwanafunzi atasema: koili za sumaku zinatosha, ni rahisi, hazina kitu kinachozunguka. Koili zinafanya kazi kwa kusukumana na sumaku ya dunia, ila haziwezi kukuzungusha kuuzunguka mstari wenyewe wa sumaku hiyo. Kwenye obiti ya ncha mstari unabadilika njiani, unapata nafasi. Kwenye ikweta mstari unaelekea kaskazini karibu muda wote. Yaani mhimili mmoja, ule hasa wa kuinamisha kamera mbele na nyuma, unabaki bila mwenyewe.

Kwa hiyo nunua magurudumu matatu madogo yanayozunguka ndani ili kugeuza chombo, na koili zibaki za kuyapunguzia kasi yakijaa. Huo ni uzito na umeme zaidi. Ni bei ya zile mara 3 za juu ya kreta.

Jambo la pili wanalosahau: sensa za jua ni vipofu usiku, na sisi tunapiga picha usiku. Weka sensa za upeo wa dunia zinazoona joto, au jairo nzuri (kifaa cha kupima mzunguko) inayokumbuka mwelekeo tangu jua lizame. Kivuli cha dunia hudumu hadi dakika 36 katika kila mzunguko. Jairo ya bei ndogo itakuwa imepotea kabla ya hapo.

Hatua ya 5: Umeme

Darasa letu la kwanza lilikosea hapa. Tuliandika "paneli wati 7" tukazidisha kwa saa 24. Ubao mzima ulikuwa tajiri.

Fanya hivi. Upande mmoja wa sanduku wenye seli 7 nzuri hutoa wati 7 hivi jua likiupiga uso kwa uso. Setilaiti ikiangalia chini, jua linapiga kwa mshazari. Chukua asilimia 60. Jua linapatikana dakika 59 kwa mzunguko. Unapata wati-saa 4.1. Ndiyo mshahara wote.

Matumizi: kompyuta, redio ya kusikiliza, magurudumu, sensa na hita ya betri, kwa pamoja wati 1.5 bila kupumzika, ni wati-saa 2.37. Kamera wati 2.5 kwa dakika 5, ni 0.21. Redio ya kutuma wati 4 kwa dakika 7, ni 0.47. Jumla 3.05, lakini asilimia 15 inapotea njiani kwenye betri na vidhibiti, kwa hiyo unahitaji 3.59. Akiba ni asilimia 14. Kwenye karatasi inavutia, ila kila kifaa nilichowahi kupima kilikula zaidi ya kilichoandikwa kwenye kartoni yake. Dai angalau 20 wakati wa kuchora. Tukituma mara 4 tu kati ya zile 14 za kupita juu yetu, mahitaji yanashuka hadi 3.19 na akiba inakuwa 28. Tumepona.

Betri: katika kivuli tunatumia wati-saa 1.58 siku ngumu kabisa. Seli mbili za lithiamu za ukubwa wa tochi zina karibu 18.7, kwa hiyo tunachota chini ya asilimia 10. Mtu ataona ni uzembe kubeba nyingi hivyo. Hesabu mizunguko: 15 kwa siku, zaidi ya 5,500 kwa mwaka. Simu yako haijawahi kuteswa hivyo. Na usiichaji betri ikiwa chini ya sifuri, hiyo ndiyo kazi ya hita. (Kobalti ya seli hizo inawezekana ilitoka Kolwezi, na tantali ya kondensa zake Rubaya, hapa Masisi. Ninawaambia wanafunzi kwamba sehemu ya setilaiti yao imeshawahi kupita barabara ya Sake.)

Hatua ya 6: Redio na kituo cha ardhini

Tunatumia megahezi 437. Setilaiti ikiwa digrii 10 juu ya upeo, iko umbali wa kilomita 1,700, na mawimbi yanapoteza desibeli 150 njiani. Wati moja ya kutuma, antena ya kawaida angani, antena ya Yagi ya desibeli 12 kwenye paa, desibeli 4 za hasara ndogondogo: kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde unabaki na akiba ya desibeli 5 hivi. Si tajiri, ila inatosha.

Kupita kumoja kunadumu dakika 6 hadi 8. Ukiondoa marudio na vichwa vya pakiti, unashusha kilobaiti 350. Picha nzima ina kilobaiti 1,500 na zaidi. Ndiyo maana kompyuta iliyo juu lazima ikate kipande cha pikseli 200 kwa 200 chenye mwanga mkali, kilobaiti 40, na kutuma hicho tu. Angalizo: Nyamulagira, volkano nyingine, iko umbali wa kilomita 14 hivi, nayo huwaka. Ukisema "tafuta panapong'aa zaidi" unaweza kuletewa jirani. Tumia taa za Goma na za Gisenyi, mji jirani wa Rwanda, kama alama ya kupimia mahali. Gisenyi zaidi, kwa sababu kwetu umeme hukatika.

Kuhusu paa lenyewe nina ya kusema mengi kuliko kuhusu anga. Ardhi yetu ni lava: kuchimba shimo la nguzo ni kazi ya patasi siku mbili, na waya wa kushusha radi haupati udongo wa kushika. Na mashariki ya Kongo ni kati ya sehemu zinazopigwa radi zaidi duniani. Tulifunga nondo ndefu za shaba kwenye mashimo kadhaa, tukajaza udongo mweusi uliochanganywa na makala, tukaunganisha zote. Na mvua ikianza kebo inachomolewa, bila ubishi. Mvua yenyewe ina asidi ya moshi wa mulima, ile ile inayotoboa mabati, kwa hiyo viungio vya kebo vifungwe mpira na kukaguliwa kila mwezi. Mwaka wa kwanza nilitumia kebo ya televisheni ya mita 20 na kuweka kikuza-mawimbi chini karibu na redio. Sikusikia kitu wiki tatu. Kikuza-mawimbi kinakaa juu, kwenye antena, kabla ya kebo haijala mawimbi.

Na kabla ya kusimamisha Yagi, nenda kwa mkuu wa nyumba kumi umweleze kwa maneno yako. Mtu aliyebeba antena begani katika Goma ya sasa anaulizwa maswali, na si vibaya majibu yawe yamekutangulia.

Masafa hayachukuliwi kama matunda ya njiani. Serikali kupitia mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, ndiyo inayoyaandikisha kimataifa, na kwa mikanda ya wapenda redio kuna uratibu wao pia. Anza siku unapomaliza hatua ya 2, si mwezi wa mwisho.

Hatua ya 7: Meza, mtikisiko na utupu

Tandaza vyote mezani kwa waya kabla ya kuviingiza kwenye sanduku, uviache viishi hivyo mwezi mzima: dakika 59 taa, dakika 36 giza, mchana na usiku. Kata umeme ghafla katikati ya kuandika faili. Sisi wa hapa hatuhitaji kuiga, unakatika wenyewe. Kompyuta ikifufuka bila kushikwa mkono, endelea.

Majaribio ya mtikisiko na ya utupu hayafanyiki Goma. Afrika Kusini wana maabara na uzoefu wa setilaiti zao ndogo, ZACube-1 na ZACube-2. Bajeti ya tiketi na ushuru wa mpaka iingie kwenye mpango mapema kama bajeti ya umeme.

Hatua ya 8: Wiki za kwanza angani

Kabla ya siku hiyo timu iwe imezoea kusikiliza. Kipokezi kidogo cha USB na programu ya bure ya kufuata obiti vinatosha kuanza na kituo cha kimataifa cha anga kwenye megahezi 145.8.

Setilaiti ikitolewa, inanyamaza dakika 30 au zaidi kama kanuni zinavyodai, inafungua antena, inaanza kupiga mlio wake. Siku ya kwanza tafuta volti ya betri tu. Siku ya pili joto. Usiwashe gurudumu lolote mpaka ujue betri inajaa kila mzunguko. Kuzungukazunguka ovyo kutapunguzwa na koili kwanza, na kunaweza kuchukua siku kadhaa; usiwe na haraka, na mwambie waziri naye asiwe nayo.

Picha ya kwanza isiwe ya mulima. Piga Kigali usiku: taa ni nyingi, mahali panajulikana, na ukikosa kwa kilomita 20 utaona umekosea upande gani. Rekebisha. Piga Gisenyi na Goma, upate mstari wa ziwa ukiwa mweusi chini ya taa. Kisha, usiku ambao kreta iko ndani ya digrii 23, tuma amri wakati wa kupita kwa kwanza, picha ipigwe kwa saa iliyopangwa, na kipande kishuke dakika 101 baadaye. Kikija cheusi kabisa, usifute. Andika "wingu" na saa yake kwenye daftari la kituo, na upange amri ya kupita kunakofuata.